Mlango wa Uani

Amri ya mishahara iliyotangazwa Tanzania mwaka 2013 ilimgawa mfanyakazi wa nyumbani katika mistari minne. Akiwa kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, kima chake cha chini kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Akiwa kwa ofisa anayestahili kuwekewa mtumishi, 130,000. Akiwa kwa mtu wa kawaida lakini jioni anarudi kulala kwake, 80,000. Na yule anayelala humo humo, mara nyingi chumba kimoja na watoto, 40,000. Mwishoni mwa 2022 ikatoka amri nyingine. Namba zikapanda, mistari minne ikabaki, na wa chini kabisa akafika 60,000.

Wenye kulitetea jedwali hilo husema anayelala ndani amekwisha pewa chakula na kitanda. Sawa. Lakini ndiye pia anayeamshwa saa nane za usiku mtoto akitapika, na ndiye anayefungua geti baba akichelewa kurudi. Ugali unaosongwa Masaki ya matajiri hauna uzito tofauti na unaosongwa Mbagala ya watu wa kawaida. Jedwali halikupima kazi, lilipima cheo cha anayepikiwa.

Wala mpangilio huo haukuzuka juzi kichwani mwa mchumi fulani. Una umri wa zaidi ya karne moja, na mwenye kutaka kuijua asili yake aanzie pwani, kwenye nyumba za mawe, upande wa uani.

Kwanza maneno yenyewe. Wengi wetu husikia "kazi" ndani ya neno mjakazi, tukadhani maana yake ni mja wa kufanya kazi. Sivyo. Hiyo -kazi ni mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya mwanamke, ule ule tunaousikia katika mkazamwana, mke wa mwana. Mjakazi ni mja wa kike, basi, na mwenzake wa kiume ni mtwana. Yaya ni neno la Wareno lililotufikia kwa njia ya Bara Hindi. Dobi ni la Wahindi. Boi ni la Waingereza. Kila mgeni aliyekaa pwani hii alituachia jina la kumwita anayemfulia.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alitoroka Unguja mwaka 1866, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake Berlin kwa jina la Emily Ruete. Majumba ya kifalme anayoyasimulia yamejaa watumwa kila pembe, na malezi ya mtoto wa kifalme yamo mikononi mwao tangu siku ya kuzaliwa. Msomaji wa leo anaweza kushangaa jinsi mwandishi anavyowakumbuka watu hao kwa mapenzi huku akiutetea utumwa wenyewe. Mimi sishangai. Mapenzi na umiliki vilikaa nyumba moja miaka mingi bila kugombana.

Ushahidi mzuri ni ule undugu wa kunyonya. Katika sheria ya Kiislamu, mwanamke aliyemnyonyesha mtoto wa mwingine anakuwa mama yake wa kunyonya. Wanawe na mtoto huyo ni ndugu, hawaoani. Hata mjakazi aliyenyonyesha alipata heshima hiyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akawa mama wa bwana mdogo kwa sheria, na mali ya bwana mkubwa kwa sheria hiyo hiyo. Kutambuliwa kulikuwapo, tena kwa kina kuliko makofi yoyote wanayopigiwa watunza watu siku hizi. Uhuru haukuwapo, na ujira pia haukuwapo.

Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja kwa mkataba wa Juni 1873. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, akaondoa hadhi ya utumwa kisheria. Ukiisoma amri hiyo kwa haraka utaona imemaliza kazi. Ukiisoma taratibu utaona mambo mawili. Mtumwa hakuachwa huru moja kwa moja: ilimpasa aende mwenyewe kudai, aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujikimu, na fidia akalipwa bwana wake. La pili ni zito zaidi. Masuria waliachwa nje. Hoja iliyotolewa ni kwamba wale ni kama wake, na kuwagusa wao ni kuvuruga familia za watu. Wakasubiri hadi 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa imefutiwa hadhi hiyo 1907, na Tanganyika, iliyotoka kwa Mjerumani kwenda kwa Mwingereza, ikaifuta 1922.

Ile hoja ya 1897 ndiyo asili niliyosema ina zaidi ya karne. Serikali ilivunja soko, ikaingia shambani, ikafika hadi barazani. Mbele ya mlango wa uani ikavua viatu, ikasema humu ni faragha ya watu.

Mkoloni alipojenga nyumba zake mwenyewe, hakuwa na haya ya kuingiza sheria ndani, ilimradi sheria ikae upande wake. Kenya ilipata sheria ya mabwana na watumishi mwaka 1906, Tanganyika mwaka 1923. Chini ya sheria za namna hiyo kuacha kazi bila ruhusa halikuwa jambo la madai baina ya watu wawili, lilikuwa kosa la jinai. Kenya ikaongeza kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika mtu mzima abebe karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara wake na tarehe aliyoachishwa, ndani ya kikopo cha bati kinachoning'inia shingoni. Bwana asipotia sahihi ya kumwachia, hakuna mwingine anayeruhusiwa kumwajiri. Mpishi aliyechoshwa na matusi alikuwa na hiari mbili, kuvumilia au kuwa mhalifu.

Kipande kilikuwa cha wanaume, na tusilipite hilo. Katika Nairobi na Dar es Salaam ya wakoloni, kazi ya ndani ilikuwa ya kiume karibu yote. Mpishi, dobi, boi wa mezani, boi wa shamba. Sababu hazikuwa za ajabu. Kodi ilidaiwa kwa fedha na mwanamume ndiye aliyefuatwa. Mke alibaki kulima ili familia ile, maana mshahara wa mjini haukutosha mtu mmoja sembuse sita. Basi mwanamume mwenye wajukuu, anayesuluhisha ugomvi wa ukoo mzima akienda likizo, mjini aliitwa boi na mtoto wa miaka saba.

Lugha yetu nayo ilipata kipigo chake humo jikoni. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha bara, na jalada lake lilitaja wazi kiliandikiwa nani: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Kiswahili cha namna hiyo, ambacho wataalamu wamekiita Kisetla, kilikuwa lugha ya kuamrisha. Vitenzi vyake viliishia kwenye leta, weka, toa, ngoja. Mtu anayeweza kuagiza maji ya moto kwa lugha yako lakini hawezi kukuuliza mama yako anaendeleaje, hakujifunza lugha yako.

Na bado wale waliopewa lugha ya leta-weka-toa ndio waliofika mapema kwenye siasa za mijini. Harry Thuku alipoanza kuhutubia Nairobi mwaka 1921, kipande na kukatwa mishahara ndiyo yaliyokuwa kinywani mwake. Alipokamatwa Machi 1922 na umati ukakusanyika kudai aachiwe, polisi walifyatua risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatolea wanaume uvivu kwa kuwavulia nguo, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Mombasa ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Januari 1947 mji mzima ulisimama. Wachukuzi wa bandarini na watu wa reli waliweka vitu chini, na walioacha kazi wakakaribia 15,000. Walikutana kila siku kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Tunapousimulia mgomo ule tunazoea kuishia bandarini Kilindini, kwenye makuli na winchi. Lakini wahudumu wa hoteli na watumishi wa majumbani nao walitoka. Hapo ndipo palipouma kwa namna nyingine, kwa sababu meli ikikaa wiki bandarini hasara anaihesabu kampuni, ila mpishi asipokuja asubuhi bibi mwenye nyumba anaihesabu mwenyewe, tumboni. Mgomo ulidumu karibu wiki mbili. Chege Kibachia, aliyeibuka kuwa kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa pale, alikamatwa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa kuishi Baringo kwa amri ya serikali kwa takribani miaka kumi.

Dar es Salaam haikuwa nyuma. Miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani walikuwa na chama chao kilichosajiliwa, wakati ambapo fani nyingi zenye majina makubwa zaidi hazikuwa na chochote. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na Rashidi Mfaume Kawawa akawa katibu mkuu wake. Desemba 1956 wafanyakazi wa majumbani na hotelini waligoma, na TFL ikawaita wengine wawaunge mkono. Fikiria jambo hilo lilivyo: mahamali na makarani waombwa kuacha kazi kwa ajili ya mpishi wa Oysterbay. Miaka mitano baadaye Kawawa alikuwa Waziri Mkuu.

Ungetazamia basi kwamba uhuru ungeanza na hao. Vyama viliunganishwa 1964 kuwa NUTA, kimoja cha nchi nzima, chini ya mkono wa serikali. Wafanyakazi wa viwandani na ofisini walipata mahali pao humo. Wa majumbani wakafifia. Mashamba makubwa yalitaifishwa, benki zikataifishwa, na nyumba za kupangisha pia. Boi aliendelea kuwa boi, ila bwana alibadilika rangi.

Azimio la Arusha la 1967 lina kifungu ambacho kila mwanafunzi wa siasa wa enzi ile alikijua. Kinasema wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zimo, kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Kwa chama tawala cha wakati ule kusema hivyo hadharani lilikuwa jambo kubwa, na sijaona tamko la kisiasa la Afrika Mashariki lililoipa kazi ya wanawake uzito kama huo kabla yake. Lakini endelea kusoma. Azimio linahesabu pia nguvu inayopotea bure kwa soga, ngoma na pombe, na humo limewaweka wanaume wa vijijini na maelfu ya wanawake wa mijini. Wapo waliostahili, sibishi. Ila yaya aliyekuwa akimbembeleza mtoto wa katibu wa chama ili katibu aende mkutanoni kulijadili Azimio hakuwekwa kwa wanaofanya kazi wala kwa wavivu. Hakuonekana kabisa.

Kisha kazi ikabadilisha jinsia. Wasomi wameeleza kwa mapana mageuzi hayo. Janet Bujra ameyaandikia kitabu kizima kuhusu Tanzania, kilichotoka mwaka 2000. Wanawake wa mjini walipoingia maofisini na viwandani walihitaji mtu wa kubaki na mtoto. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977 uliwafikisha wasichana wengi darasa la saba, na sekondari hazikuwa na nafasi zao. Wanaume wakapata kazi nyingine, na mshahara wa ndani ukashuka thamani hadi mwanamume mwenye familia asiweze kuukubali. Gari la abiria kutoka Iringa, Singida au Lushoto likawa linashusha Dar es Salaam wasichana wa miaka 14 na 15 wenye mfuko mmoja wa nailoni. Boi akatoka kwa mlango wa uani, hausigeli akaingia kwa mlango huo huo.

Na majina yakaja upya. Kenya walimwita mboch. Bongo wakamwita beki tatu, kana kwamba nyumba ni timu na yeye ndiye wa kuzuia pembeni. Wenye adabu tulisema dada.

Nyumba niliyokulia ilikuwa na dada. Tulimwamkia, tulikula alichopika, na tulipougua alituchua kwa mafuta ya nazi. Mshahara wake alitunziwa na mama "asije akaupoteza", na mwisho wa mwaka ulitoka kwa sura ya nauli, kitenge na debe la mafuta ya kupikia kwa wazazi wake. Hesabu hiyo iliandikwa kwenye daftari lile lile la mkaa na maziwa. Hakuna aliyemchukia, na sidhani kuna aliyejiona anamdhulumu. Alikaa kwetu miaka sita, na jina la baba yake sikulijua. Neno dada lilikuwa limeshamaliza maswali yote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani tatizo la kazi hii ni dharau. Dharau ipo, lakini ingekuwa dharau peke yake ingetibika kwa mahubiri. Ugumu uko kwenye upendo. Tangu yule mama wa kunyonya wa Unguja, undugu umekuwa njia ya kutambua kazi bila kuilipa. Mwambie mwenye nyumba kwamba dada ana haki ya siku moja ya mapumziko kwa wiki. Atakujibu kwa uchungu wa kweli kwamba yule ni kama mwanawe. Mtoto haombi likizo kwa mama yake.

Duniani mambo hayakwenda haraka kuliko kwetu. Mwaka 1948 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha azimio la kutaka hali za watumishi wa majumbani ziangaliwe. Likapitisha jingine 1965. Mkataba wenyewe, Namba 189, ulipigiwa kura Geneva tarehe 16 Juni 2011: kura 396 za kuukubali, 16 za kuukataa, 63 zilizokaa katikati. Miaka 63 ilipita kati ya azimio la kwanza na kura hiyo. Mkataba hautaki makubwa. Saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, masharti ya kazi yanayoeleweka, na mfanyakazi akae na pasipoti yake mwenyewe.

Kilichoufikisha Geneva si huruma ya wanasheria. Ni wanawake wenye kazi hiyo waliojaza ukumbi. Myrtle Witbooi, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani Cape Town enzi za ubaguzi na kuanza kuwakusanya wenzake gereji, ndiye aliyeuongoza mtandao wao wa kimataifa hadi alipofariki Januari 2023. Kutoka kwetu alikuwapo Vicky Kanyoka, aliyetoka CHODAWU, chama cha Tanzania kinachoandikisha wafanyakazi wa hoteli, hifadhi na majumbani. Mwanza, Angela Benedicto, aliyefanya kazi za ndani akiwa bado mtoto, alianzisha shirika la WoteSawa ili wanaopitia hayo wawe na pa kukimbilia. Kenya kazi hiyo ilibebwa na chama cha KUDHEIHA. Kuandikisha wanachama katika fani hii ni kazi ya ajabu: kila mwajiri ana mfanyakazi mmoja, kila mfanyakazi yuko nyuma ya geti lake, na siku ya mkutano ndiyo siku ambayo madam ana wageni.

Uruguay ilikuwa ya kwanza kuuridhia mkataba huo, mwaka 2012. Afrika wakafuata Mauritius, Afrika Kusini, baadaye Guinea, Madagascar, Namibia na Sierra Leone. Muongo mzima ulipita tangu kura ya Geneva, Kenya na Tanzania hazikuwemo.

Mahakama zilitangulia serikali. Mwaka 2012 Jaji James Rika wa mahakama ya kazi ya Kenya aliamua kesi ya mfanyakazi wa nyumbani akitazama mkataba huo ambao nchi yake haikuwa imeuridhia. Jedwali la mishahara la Kenya, kwa kupita, limemweka yaya kundi moja na mfagizi, mtunza bustani na mlinzi wa mchana, na angalau pale kiwango hakifuati cheo cha bosi. Mwaka 2022 kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu. Nyumba ngapi zenye SQ, kile chumba cha mtumishi, hulipa kiasi hicho, jirani zako unawajua.

Hukumu kubwa kuliko zote ilitoka Afrika Kusini. Mwaka 2012 mfanyakazi wa nyumbani mjini Pretoria, mwenye uoni hafifu na asiyejua kuogelea, alizama katika bwawa la nyumba ya mwajiri aliyemtumikia zaidi ya miaka 20. Binti yake alipofuata fidia aliambiwa sheria ya ajali kazini haiwahusu watumishi wa nyumba za watu. Kesi ya binti huyo, Mahlangu, ilifika Mahakama ya Katiba, na tarehe 19 Novemba 2020 majaji wakaamua kuwa kuwaacha nje kulivunja katiba, tena kuanzia 27 Aprili 1994, siku nchi ile ilipopiga kura yake ya kwanza huru. Mlango wa uani ukafunguliwa kwa ndani.

Wakati huo huo binti za pwani walikuwa wanaelekea kwingine. Historia ina masihara makali. Nyumba za Unguja za karne ya 19 zilitunzwa kwa mikono ya watu wa bara chini ya dola ya Oman. Karne ya 21 wasichana wa Unguja, Tanga, Mombasa na Kampala wanapanda ndege kwenda kutunza nyumba za Muscat, Riyadh na Dubai. Muscat wapo wenye nyumba wanaozungumza Kiswahili safi, wazao wa familia zilizoondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na dada akifika husalimiwa kwa lugha ya bibi yake. Sheria ya kazi ya Oman ya 2003 ilimtaja mfanyakazi wa nyumbani mara moja tu: kusema haimhusu. Human Rights Watch ilipotoa ripoti yake Novemba 2017 juu ya Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ilikuta pasipoti zilizochukuliwa, mishahara isiyolipwa, na wiki zisizo na siku ya mapumziko. Kenya ilipiga marufuku safari hizo, ikaziruhusu, ikazipiga marufuku tena. Marufuku haikumzuia mwenye shida, ilimpitisha tu njia za vichochoroni.

Nimekaa sana nyumbani. Lakini kazi ya kutunza watu ina tawi jingine ambalo siasa imelipenda zaidi kwa sababu linaonekana, nalo ni wahudumu wa afya wa jamii. UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, hospitali hazikuwa na vitanda wala dawa, na waliowageuza wagonjwa ubavu, wakawaosha na kisha kuwalea yatima, walikuwa mabibi. Shirika la Kwa Wazee la Nshamba, Muleba, lilianza 2003 kuwalipa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Ni mfano mdogo, naupenda kwa sababu haukuwapa cheti wala fulana. Uliwapa fedha taslimu.

Tarehe 25 Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua Nairobi zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wenye mikoba, simu na vipimo vya shinikizo la damu. Zamani waliitwa wa kujitolea. Sasa wana jina jipya na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Iweke posho hiyo kando ya ule mshahara wa chini wa yaya, uone haifiki hata theluthi yake. Tanzania ilizindua wa kwake Januari 2024, lengo zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Wengi wa watu hawa ni wanawake. Walipangwa mistari, wakapigiwa makofi, na sina neno na makofi. Nasema tu kwamba wapishi wa Dar es Salaam wa 1956 hawakugoma ili wapigiwe.

Mwaka 2021 ILO ilihesabu wafanyakazi wa majumbani milioni 75.6 duniani, zaidi ya robo tatu wakiwa wanawake. Mmoja wao pengine yuko jikoni mwako unaposoma makala hii. Kama uko Tanzania Bara, sheria ya ajira ya 2004 inamhusu yeye kama inavyokuhusu wewe: saa 45 kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki, siku 28 za likizo kwa mwaka, siku 84 akijifungua, na maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Chukua karatasi leo. Andika jina lake kamili, la baba yake pia. Andika kazi, saa za kuanza na kumaliza, mshahara na tarehe ya kuulipa, siku yake ya kupumzika. Tieni sahihi nyote wawili, umpe nakala akae nayo yeye.